Kiti Kitupu Dirishani

Basi Shangazi, ile furaha niliyokuandikia mwezi wa harusi bado ipo, usije ukadhani imekwisha, maana mume wangu ni yule yule uliyeniambia nikubali anioe hata kama kazi yake ni kupamba madirisha ya maduka, na kweli sijajuta hata siku moja, asubuhi ananipigia mluzi nikiwa jikoni, ananiita "taa yangu", nami nikisikia tu funguo mlangoni moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Ndiyo maana nimechanganyikiwa, naomba uninusuru kabla sijafanya upuuzi.

Krismasi ikikaribia, maduka ya mtaa wetu hupambwa madirisha, na watu hutoka kifamilia kwenda kuyatazama. Mwaka huu duka la samani lilimpa mume wangu dirisha kubwa kuliko yote, akaliziba kwa makaratasi, hataki hata mimi nichungulie. Jioni ya kulifungua akanibembeleza nivae gauni la njano, lile nililovaa aliponichumbia, akasema, "Na koti usivae, hata ukisikia baridi." Nikacheka, nikavaa, nikajiona malkia.

Tukaenda wote, baba mkwe, mama mkwe, mawifi wawili na mtoto mdogo wa wifi mkubwa. Makaratasi yalipoondolewa, Shangazi, watu wote barabarani walisema "aaah!" Mle ndani kulikuwa na meza ya sikukuu imezungukwa na masanamu, na masanamu yenyewe ni familia yetu! Baba mkwe na kofia yake iliyopinda, mama mkwe na miwani kwenye ncha ya pua, mawifi wananong'onezana kama kawaida yao, mtoto kajificha chini ya meza.

"Mbona amenipa tumbo lote hili?" mama mkwe akalalamika.

"Amekupunguzia, mke wangu, mshukuru," baba mkwe akamjibu, tukacheka mpaka machozi.

Mume wangu naye yumo, amekaa mwisho wa meza, amenyoosha mkono, ameshika kikombe, anampa... anampa nani? Hakuna mtu. Kiti kitupu, na nyuma yake pazia jeusi tii, wakati kwingine kote ni taa na mapambo. Nikajitafuta mpaka macho yakaniuma, nikadhani labda nimewekwa jikoni. Simo.

"Pole, wifi," akasema wifi mdogo, "wewe bado uko kwenye majaribio!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa shingo upande. Mume wangu akawa ananivuta mkono, "Njoo usimame hapa, mpenzi, hapa chini ya taa, kwenye jiwe hili lenye ufa," lakini mtoto alikuwa ameanza kulia na mama yake ameshanibebesha, nikabaki pembeni karibu na mlango wa duka. Akaniita tena. Nikasema kichwa kinaniuma, nataka kwenda nyumbani. Tukarudi, na mluzi wa asubuhi sijausikia tena.

Tangu hapo ananiuliza kwa sauti ndogo, "Dirisha ulilionaje?" nami najibu, "Zuri." Ananitazama kama anayesubiri neno lingine, halafu anageuza uso. Sasa Shangazi, mwanamume anayeniita taa yake amkumbuke hata mtoto chini ya meza, anisahau mimi? Au ndivyo wanavyoniona wote, mgeni tu? Halafu akinishika bega nasahau hasira zote, akiliachia zinarudi, sijielewi kabisa. Nimeshafunga mkoba niende kwa mama, Krismasi wale wenyewe na kiti chao. Niende, nisiende?

Wako,
Taa Isiyojua Inawaka Wapi

*

Taa, kwanza fungua huo mkoba, rudisha nguo kabatini, kisha ndiyo unisome.

Pole, mwanangu. Kuchekwa mbele ya watu kunauma, na ulimi wa huyo wifi yako unahitaji kufuli. Lakini na wewe! Mimi Shangazi wa gazetini, nisiyekujua hata sura, umenimwagia kila kitu, na mwenye dirisha umempa neno moja, "zuri", kama mtu aliyeulizwa habari za sabuni.

Hebu isome barua yako mwenyewe. Mpambaji wa madirisha anakuchagulia gauni la rangi inayoonekana kwa mbali. Anakukataza koti lisije likalifunika. Pazia jeusi analitundika mahali pamoja tu, nyuma ya kiti kile. Kisha anakuomba usimame chini ya taa, tena si popote, kwenye jiwe moja. Hujawahi kupita mbele ya duka lenye giza ndani ukajiona kwenye kioo cha dirisha, ukasimama kutengeneza nywele? Wenzako aliwawekea masanamu. Wewe, nadhani, hakutaka sanamu. Alitaka uwemo mwenyewe, uonekane kiooni umekaa kwenye kiti kile, unapumua, na gauni lako la njano, kikombe kikufikie. Wewe ukaenda kusimama mlangoni na mtoto wa watu, kiti kikabaki kitupu, naye mpaka leo anadhani ulielewa alichotaka na hukupenda.

Huenda nimekosea, sikuwepo. Kwa hiyo usiniamini mimi, nenda ukatazame. Kesho jioni taa zikiwashwa, vaa gauni lile, mshike mumeo mkono, bila mawifi, bila mtoto wa kubeba, umwambie, "Nionyeshe ulipotaka nisimame." Ukijiona kitini, usitoe hotuba, mweleze tu ulichodhani siku ile, acheke au alie, juu yake. Usipojiona, muulize wazi, "Mbona simo?" na usiondoke pale bila jibu. Kwa mama yako mtakwenda wote wawili, sikukuu ikipita. Na wifi mdogo akikutania tena, mwambie asikukanyagie jiwe lako.

Nami umenitia hamu. Kabla mwezi haujaisha nitapita mtaani kwenu nilitazame dirisha hilo. Nitasimama pembeni, karibu na mlango. Jiwe lenye ufa nitakuachia wewe.