Mji Ambako Mimi Ndiye Binti

Kaka Jairo,

Shikamoo. Natumaini kahawa ya hapo Itaka imechanua vizuri, na goti la mama limepata nafuu.

Uliniuliza mji huu wa Japani ukoje. Ni mdogo kuliko Vwawa, umebanwa kati ya milima na bahari. Ufukweni wamejenga ukuta mrefu wa zege kuzuia mawimbi ya tetemeko, kwa hiyo bahari tunaisikia tu. Vijana wamehama, shule imefungwa. Nina miaka arobaini na moja, lakini majirani wananiita binti, maana hakuna mdogo kuliko mimi.

Kaka, nimewaficha jambo. Shemeji yako Kenji alifariki mwezi wa pili. Boti yao ya uvuvi ilipinduka, na mwili haukupatikana. Kila mlipomuulizia, nilisema yuko kazini.

Nilifunga mizigo nirudi nyumbani. Mama mkwe, mzee wa miaka themanini na nane, alinisindikiza mpaka mlangoni. "Nenda, mwanangu," alisema. "Mama yako naye anakungoja." Kisha akarudi jikoni akapakua wali vibakuli vitatu, kana kwamba mwanawe bado yupo. Nikavua viatu, nikaketi naye tukala.

Sitaweza kumwacha. Mwambie mama taratibu, wifi Ikupa awe karibu naye. Huku hatuna kaburi. Wazee wakikubali, msimikieni Kenji msalaba kando ya kaburi la baba, nikija nipate mahali pa kumlilia.

Mdogo wako,
Tabita