Mfuko wa Gofu Alioniachia Mdogo Wako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Vioo,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako nalo limeacha kukutawala. Nasikia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Hongera. Daktari aliyekupasua amefanya kazi safi. Ningekuwa karibu ningeikagua. Fundi Saa wako naye hajambo? Bado anatega sikio kwenye saa za watu kama anayesikiliza mapafu ya mgonjwa? Na Mama, mkwe wangu, bado anakataa kuvaa miwani na kusema kwamba herufi ndizo zimepungua?

Sisi huku hatujambo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea tu, maana niko peke yangu. Kifua hakinisumbui, shinikizo la damu limeshuka kidogo, na usingizi napata.

Nianze na kilichonifanya nishike kalamu. Mdogo wako, mke wangu, alikuja kwako kukuuguza kwa wiki sita. Leo ni wiki ya kumi na nne. Goti limepona, yeye hajarudi. Kwenye simu ananijibu vizuri, ananiuliza kama nimekula, lakini nikimuuliza atarudi lini anasema tutaongea. Hatukugombana, wala hakuna sahani iliyovunjika. Sikuandikii ili kumlaumu, na sikuombi uwe hakimu. Nataka kukueleza nilichokuwa nikifanya wiki hizi zote, kwa sababu yeye hajui, na mimi nikimweleza kwa simu nitaharibu.

Nimekuwa nikijifunza gofu. Cheka kwanza, nakusubiri.

Unajua mdogo wako alivyouanza mchezo huu. Alipostaafu kazi ya maabara, wenzake walimpa zawadi ya mfuko wa vifaa vya mazoezi, vile vya kumsaidia mtu anayeanza apige sawasawa. Akawa anakwenda uwanja wa mazoezi ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni kila Jumanne na Alhamisi. Mimi nilikwenda naye mara moja tu. Siku hiyo alipiga mpira wake wa kwanza uliopaa vizuri tangu aanze. Ulikwenda juu, ukanyooka, naye akageuka kunitazama. Nikamwambia kwamba miguu yake haikuwa sambamba. Hakunialika tena, na mimi sikuuliza kwa nini.

Alipokuja kwako aliuacha mfuko sebuleni, kati ya kochi na mlango. Wiki mbili nilikuwa nikijikwaa nao tu. Wiki ya tatu nikaufungua ili nikague kilichomo. Miaka thelathini na moja ya ukaguzi wa mizani haimtoki mtu kwa kupewa cheti cha kustaafu, na wauza nyama hawakuniita Mzee Ratili bure.

Ndani nilikuta kipande cha mpini kilichofinyangwa alama za vidole, ambacho ukikishika vibaya vidole havina pa kukaa. Palikuwa na vijiti virefu vya plastiki vya kulaza chini, kimoja kikuonyeshe unakolenga na kingine kikuonyeshe miguu ikae wapi. Palikuwa na mkanda mpana wa lastiki wa kufunga mikono juu ya viwiko, isiachane wakati wa kupiga. Na palikuwa na fimbo ya ajabu yenye bawaba katikati. Ukiivuta kwa pupa au ukiipindisha, inakunjika kama mguu wa meza mbovu. Kila kitu kilikuwa kimebandikwa karatasi ya maelezo, kwa ule mwandiko wake wa chupa za maabara. Karatasi ya mfuko wenyewe ilisema vijiti vitatu. Mimi nilihesabu viwili.

Hapo nikafanya kosa ambalo ni mkaguzi tu angelifanya. Niliona kwamba ikiwa kila kifaa kinakamata kosa moja, basi nikivitumia vyote kwa pamoja vitakamata makosa yote kwa mara moja na kazi itaisha mapema. Nikapiga mistari kwenye daftari, safu kwa kila kosa. Nikalaza vijiti sakafuni, nikajifunga mkanda, nikashika fimbo yenye bawaba, nikaizungusha kwa nguvu zangu zote. Bawaba ikakunjika, kichwa cha fimbo kikanigonga pajani, nikakanyaga kijiti kikabingirika, nikaketi chini bila kupenda. Mkanda nao ukagoma kufunguka, kwa sababu kifungo kiko nyuma ya kiwiko na vidole vyangu havikufika. Nilipata cha mtema kuni. Nikatoka hivyo hivyo hadi kwa jirani yetu fundi viatu, mikono mbele kama mtu anayepelekwa kituoni, wapita njia wakinisalimia kwa huruma. Fundi viatu alinifungua bila kuuliza neno, akarudi kwenye soli yake. Tangu siku ile ananiita Mahabusu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikabeba mfuko nikaenda uwanjani kwa mwalimu wa mdogo wako. Ni binti mdogo kuliko hata kitinda mimba wetu, na wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Taratibu kwa kuwa neno hilo halimkauki mdomoni. Alininyang'anya vyote akaniachia kile kipande cha mpini. Wiki nzima sikupiga mpira hata mmoja. Nilikuwa nashika, naachia, nashika. Fundi viatu alidhani nimepoteza akili. Wiki iliyofuata alinirudishia vijiti viwili nikajifunza kusimama. Mzee wa miaka sitini na sita najifunza kusimama. Halafu ukaja mkanda, na mizunguko midogo ya fimbo kutoka kiuno mpaka kiuno. Fimbo yenye bawaba aliiweka mwisho kabisa, akaniambia niizungushe kwa mwendo ambao ningefungua nao mlango wa chumba alicholala mtoto.

Lakini kila baada ya kupiga nilikuwa nalikimbilia daftari. Aliniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika makosa, yake ya kufundisha yakiwemo. Akalichukua, akalifunga, akanirudishia.

"Mzee," akasema, "hivi vifaa havikusahihishi. Vinakwambia tu. Tatizo lako hujazoea kuambiwa."

Nyani haoni kundule, na nilikuwa nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu kuonyeshwa. Nilirudi nyumbani bila kupiga mipira iliyobaki.

Jioni ile nikaamua kukitafuta kile kijiti cha tatu, maana hesabu isiyotimia inaniwasha. Nilipekua uvunguni, nyuma ya kabati, stoo. Nikakikuta chumba cha nyuma, kile anachopigia pasi, ambacho mimi siingii mara nyingi. Alikuwa amekifunga kwa kamba ya viatu kwenye nondo za dirisha, ncha yake imechomoza ndani kwa usawa wa kidevu changu. Kamba ilitoka kwenye buti zangu za kazi. Sikuelewa ni cha nini mpaka niliposoma karatasi yake: "Kichwa kisisogee wakati wa kupiga. Mtu wa pili ashike kijiti kando ya kichwa." Nikajipima pale. Usawa wa kidevu changu ndio usawa wa sikio lake.

Nikakumbuka. Aliniomba nimshikie. Dakika tano tu, alisema. Nikamjibu baada ya taarifa ya habari. Siku nyingine nikamwambia amwombe jirani. Kuna siku nilimwambia kwamba mchezo unaohitaji watu wawili kusimama kama minara si mchezo. Sikumbuki aliacha lini kuniomba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata siku yenyewe siikumbuki.

Chini ya maelezo yale palikuwa na mstari mwingine wa wino tofauti. Aliandika: "Dirisha linatosha."

Shemeji, nililia. Si sana, lakini nililia, na nakwambia wewe kwa sababu najua hutanitangaza. Kwa miaka thelathini na minne nilijiona mume mzuri. Sikuleta matata, sikulewa, mshahara ulifika nyumbani, bomba likivuja nilijua limevuja kabla ya maji kufika mlangoni. Nilipima mkate ukitoka dukani, nikahesabu mikunjo ya mashuka, nikamwonyesha namna bora ya kukamua kitambaa cha kudekia. Siku ya safari yake nililining'iniza begi lake kwenye mzani wa mkono nikamwambia limezidi kilo moja na nusu. Akalifungua, akatoa jozi ya viatu, akalifunga. Alipofika mlangoni akasema, "Nimechoka kukaguliwa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imeanza. Mimi nikamwambia asisahau ufunguo wa kufuli ya begi.

Basi hayo ndiyo niliyoyapata mfukoni mwa mdogo wako.

Mambo mengine ya huku ni ya kawaida. Karakana ya vioo wameongeza mashine, kwa hiyo asubuhi hatuhitaji kengele ya kutuamsha. Bomba la bafuni linavuja tena. Fundi bomba ameahidi Jumatano, na Jumatano zimeshapita mbili. Kijana wetu alipita Jumamosi na mkewe, wakakuta nimesimama sebuleni na mkanda mikononi, wakatazamana. Mpigo wangu bado una kasoro. Fimbo yenye bawaba inanikunjikia mara tatu katika kila kumi, na mpira ukipaa unapinda kwenda kulia. Mwalimu anasema ni kawaida kwa anayeanza.

Alhamisi iliyopita aliniita nimshikie kijiti mwanafunzi mwingine, mama mmoja mshona mapazia. Kazi yenyewe ni kusimama mbele ya mtu, ncha ya kijiti ikae karibu na sikio lake, na kunyamaza. Alipojiweka tayari nikaona miguu yake haiko sambamba. Nikanyamaza. Nilisimama hivyo kama dakika ishirini. Niliona anavyobana midomo kabla ya kupiga, na anavyoshusha pumzi baadaye hata kama mpira haukwenda popote. Mpira wa tisa ukapaa. Akageuka kunitazama, nikamwambia amepiga vizuri. Alifurahi kama mtoto. Mimi nilirudi nyumbani na uzito, kwa sababu maneno yale hayakuwa magumu hata kidogo, na aliyepaswa kuyasikia wa kwanza si yule mama.

Msalimie sana Fundi Saa, umwambie saa yangu ya ukutani iko mbele dakika nne na nimeiacha hivyo hivyo. Msalimie binti yenu mwalimu wa hesabu na watoto wake. Mama umsomee sehemu ya mwanzo tu ya barua hii, hiyo ya miwani uiruke. Mungu akulinde, akuimarishie goti hilo, na akulipe kwa kumhifadhi mdogo wako wakati mimi nilipokuwa simwoni.

Na yeye usimwambie arudi. Nimekuwa nikimwambia la kufanya muda wote huu, sitaki na wewe umwambie kwa niaba yangu. Muulize tu kama naweza kuja mimi. Akisema nisije, niandikie hivyo hivyo bila kupamba, na sitamlaumu yeye wala wewe. Akisema nije, nitakuja kwa basi la kwanza, lakini naomba uniulizie pia nimletee nini. Nimekaa hapa na kalamu tangu mchana nikijaribu kukumbuka kitu anachokipenda, na sikijui hata kimoja.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama dada,

Mzee Ratili