Gari la Ndugu Yake Yazid

Jeddah, mtaa wa Aziziya
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Badriya,

Salamu zangu zikukute hapo Maskati umekaa, miguu umeinyoosha juu ya mto kama daktari alivyokuamrisha, ingawa najua hufanyi. Magoti yanasemaje? Na ile dawa ya kuchua niliyokuletea kwa mkono wa Bwana Mbarak, umeitumia mwenyewe au umeigawa kwa majirani? Sisi huku hatujambo. Kifua changu kimetulia tangu joto lilipovunjika. Napanda ngazi mpaka ghorofa ya pili bila ya kusimama, na macho yangali yakisoma herufi ndogo za gazeti. Mwanangu Hilal na mkewe wanakusalimu. Rosebellah, yule msichana wa Kenya anayefanya kazi hapa nyumbani, naye anakusalimu. Tangu umfundishe kwa simu kupika mchuzi wa papa, jina lako halimtoki mdomoni.

Nimeshika kalamu, sikushika simu, kwa kuwa Bwana Mbarak anasafiri kuja huko keshokutwa, na kwa kuwa kwenye simu huniwahi kwa maswali. Habari hii inataka kusemwa kwa mpango wake. Nakuomba usirukie mwisho. Nakumbuka ulivyokuwa ukizisoma kurasa za mwisho za vitabu vyangu, kisha ukanihadithia kabla sijafika nusu.

Amal unamjua, mtoto wa binti yangu Zuwena, aliyezaliwa na kukulia Uingereza. Sasa ni mtu mzima na ana kazi yake, lakini mapenzi yake yako kwenye majabali. Huyapanda kwa kamba na vidole, si kwa kumfuata mbuzi aliyepotea, bali kwa raha tu. Alikuja mwezi uliopita na mpango kamili. Atanunua gari huku, alale ndani yake, apande majabali ya Taif na Baha, akutane Abha na mwenzake wa kamba anayeitwa Ashley, kisha arudi, akate jangwa mpaka Oman, apande Jabal Misht. Magari ya kukodi hayakumfaa, kwa sababu wenyewe hawataki yapitishwe mawe wala mpaka. Na la kununua halingeweza kuandikwa kwa jina lake, maana yeye ni mgeni wa matembezi. Lilitaka jina la mtu mwenye makazi. Na likishakuwa kwa jina la mtu, kuvuka nalo mpaka kunataka idhini ya mtu huyo, au awemo ndani mwenyewe. Ndipo akamkumbuka babu yake.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema, maana tangu nistaafu hakuna mtu aliyehitaji sahihi yangu.

Hapa Jeddah tuliangalia magari ya kutosha. Amal hulala chali chini ya gari na taa mdomoni, miguu tu ndiyo inaonekana, na wauzaji husimama kando hawajui waseme nini. Kila akitoka chini alikuwa ameshika vipande vya kutu mkononi. Bahari hii inayotupa upepo inayala magari kwa chini taratibu. Akaamua kwamba gari la kwenda mbali litafutwe kwenye ukavu, Riyadh. Tukapanda basi. Hilal alinikataza, nikamwambia daktari alinikataza ndege, hakunikataza kiti cha basi.

Tulifikia mtaa wa Al-Naseem kwa Bi Safa, mjane wa Ami Suleiman. Hajabadilika. Alipoambiwa tumekuja kwa ajili gani, alimtazama Amal, akanitazama mimi, akasema: “Makubwa haya! Mjukuu anataka kuning'inia majabalini, na babu mtu mwenye mapafu ya karatasi ndiye anayemnunulia gari!” Amal, ambaye Kiswahili chake kinatembea kwa magongo, aliuliza mapafu ya karatasi ndiyo nini. Bi Safa akamwambia ni ugonjwa wa watu wanaosoma sana. Hata hivyo ni yeye aliyetupa habari ya jirani yake wa mtaa wa nyuma, Bwana Yazid, aliyekuwa na Landkruza la zamani limefunikwa turubai, na ambaye wiki ile alikuwa amesema ataliuza.

Bwana Yazid ni mtu wa rika langu au karibu yake, mrefu, wa watu wa jangwani kwa asili, ingawa amekaa mjini umri wake wote. Alilifunua gari mwenyewe. Dada yangu, mimi si mtu wa magari, lakini nililipenda. Rangi yake kama ya mchanga uliolowa, viti vya nguo, usukani umeng'aa kwa kushikwa. Amal akapotea chini yake. Safari hii alitoka mikono mitupu na uso umefunguka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba chini ni kavu kama siku lilipotoka kiwandani.

Kosa tulilifanya wenyewe. Bwana Yazid alipouliza linakwenda wapi, Amal, mtoto mkweli, akamwonyesha picha kwenye simu yake. Yeye mwenyewe anaonekana katikati ya ukuta wa jiwe, mdogo kama sisimizi, na chini yake hakuna kitu. Bwana Yazid aliitazama picha ile muda mrefu. Akarudisha simu, akalivuta turubai, akaanza kulifunika gari. Alisema halas, haliuzwi. Lilikuwa la ndugu yake mkubwa, Allah amrehemu. Walikwenda nalo jangwani kila msimu wa baridi, na hakulitunza miaka yote hii ili liachwe chini ya jabali likimngoja msichana ambaye huenda asishuke. Hakusema kwa ubaya. Akatwambia tuingie tunywe kahawa, kisha twende kwa salama.

Amal alikuwa amevunjika. Aliyakunja mabega kama mama yake alivyokuwa akifanya utotoni. Magari mengine yote tuliyoonyeshwa Riyadh yalikuwa yameshakataliwa, na Ashley alikuwa ameshakata tikiti. Baridi ya majabalini nayo haimngoji mtu.

Tuliingia majlis, chumba chake cha wageni, tukakaa chini, tukaegemea mito. Bwana Yazid alimimina kahawa mwenyewe, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Alinipa mimi kwanza. Nikapokea, nikashukuru, nikakiweka kikombe zuliani mbele yangu.

Unajua kwa nini nilikiweka. Sahani ya tende ilikuwa imerudishwa ndani kujazwa, na mimi, mzee niliyeishi nchi hii tangu sijaota ndevu, bado siwezi kugusa kahawa kabla kitu kitamu hakijapita mdomoni. Ni mama huyo. Unakumbuka alivyokuwa akinigonga vidole kwa kijiko cha halua nikitangulia kikombe? Kwa hiyo nilikaa kwa adabu, mikono mapajani, nikingoja tende.

Bwana Yazid naye akaweka chake. Hakunywa. Akanitazama. Amal akaona na yeye aweke chake. Nikadhani mwenyeji anatuona aibu kwa tende kuchelewa, nikatabasamu kumtuliza. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya taratibu na ya heshima: “Kunywa kahawa yako, ya Aba Hilal. Haja yako imepita kabla hujaisema.”

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilihisi damu inapanda masikioni. Desturi hii nimeisoma vitabuni mara ngapi! Mgeni mwenye haja kubwa huweka kikombe chini asinywe, na mwenyeji hana heshima mpaka ampe anachotaka. Lakini Jeddah sisi tunaweka vikombe popote na hakuna anayeuliza. Mwenyewe hujidhania msomi, na nikaketi nyumbani kwa mbedui nikimbana shingo bila ya kujua.

Akaniambia niiseme haja yangu. Nikaisema. Ilikuwa fupi. Bwana Yazid aliinamisha kichwa, akaniomba niirudie, nikairudia. Kisha akanyanyuka, akaenda ndani, akarudi na tende mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili.

Sikuweza kuula uongo pamoja na tende zake. Nilimwambia ukweli pale pale, kwamba sikukiweka kikombe kwa ajili ya haja, nilikuwa nangoja kitu kitamu kwa mafunzo ya mama yangu wa Unguja, na kwa hiyo hafungwi na lolote. Auchukue ufunguo wake. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shemagh yake ya kichwani. Akauliza mama yangu yu hai? Nikasema alifariki, tulimzika Maskati. Akanisukumia ufunguo kwa kidole, akasema: “Basi aliyeomba ni yeye. Sasa hata kurudisha siwezi.”

Mengine yalikuwa ya bei na ya ofisini, yakaisha. Gari liko kwa jina langu, Saif bin Nassor, na Amal aliliendesha mpaka Jeddah nikiwa nimekaa mbele kama balozi. Rosebellah alishuka kuliangalia, akalizunguka mara mbili. “Mzee, hii si gari, hii ni nyumba imewekwa magurudumu,” alisema. “Sasa mimi nikitaka kuingia si mtaniletea ngazi?” Akafukiza udi ndani yake, kwa amri ya mkwe wangu, mpaka Amal akafungua milango yote minne akikohoa. Kesho alfajiri mtoto anaondoka kwenda Taif, na mbele yake Abha.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, Da Badriya.

Kila mtu nyumbani aliamini kwamba haja niliyoisema pale majlis ni gari. Amal mwenyewe hakuelewa, Kiarabu chake ni cha dukani. Sikuomba gari. Mtu alipoambiwa haja yake imepita, na mtu huyo ni mimi, nilifungua mdomo nikataka kusema Landkruza, na kilichotoka ni hiki: nataka kumwona dada yangu. Basi. Niliporudia ilikuwa hivyo hivyo.

Kabla ya kunyanyuka, Bwana Yazid aliniuliza yuko wapi, nikamwambia. Akauliza kinachonizuia. Nikaanza na mapafu na ndege, kama ninavyokwambia wewe kila Idi. Akasema, na njia? Njia ipo, imekata jangwa moja kwa moja, watu wanapita nayo kila siku. Nikamwambia jambo ambalo sijalisema hata mbele ya kioo: mara zote tulizoonana mimi na wewe tangu tutoke Unguja, tulionana ili tuagane. Kwenye gati ya Dar es Salaam, mimi nikishikwa mkono na ami. Kwenye ndoa yako. Kwenye kaburi la mama. Nikaona nikikaa mbali hatutaagana tena. Woga huo nikauita mapafu.

Alisema msichana wa majabali hampi gari la ndugu yake. Lakini mtu anayekwenda kwa dada yake hanyimwi kipando, na binti huyu si mpandaji tena, ni dereva wangu. Majabali atapanda njiani kama anavyopanda mtu aliyesimama kununua maji. Hilo ndilo sharti lake, niwemo ndani ya gari likikata jangwa kuja kwako.

Kwa hiyo nakuja. Amal, ambaye nimemwambia leo akafurahi, atamaliza Abha na Ashley, maana huko juu hewa ni nyembamba kwa kifua changu, kisha atarudi kunichukua hapa. Tutapita Riyadh tunywe kahawa ya Bwana Yazid, na safari hii tende zitatangulia. Kutoka hapo ni jangwa, mpaka, na kwenu. Daktari ameridhia, kwa kusimama mara kwa mara. Jabal Misht nitalitazama kutoka kwenye kiti cha kukunja, chini, na chai.

Rosebellah ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua hapa nyumbani, kwa sababu nilimwomba aniteremshie sanduku kabatini. Alilishika hakulitoa. “Mzee, usitoke kwa mtoto wako kama mwizi,” aliniambia. “Muambie Hilal leo.” Leo baada ya sala nimemwambia. Alitoka chumbani, nikajua nimemuudhi. Nilipochungulia dirishani nikamwona chini, mlango wa mbele wa gari uko wazi, anakilaza kiti nyuma, anakinyanyua, anakilaza tena. Halafu akajilaza juu yake mwenyewe, akafumba macho, akipima kama baba yake ataweza kulala. Alirudi juu akauliza nataka mto mmoja au miwili.

Wasalimie watoto, wajukuu na wote wanaonikumbuka hapo mtaani. Usijisumbue na biriani wala kupaka nyumba rangi. Tafuta halua tu, ile nyeusi yenye zafarani, uiweke mezani kabla ya kahawa. Na kama kwa furaha utasahau, ukanimiminia kahawa kwanza, nitakiweka kikombe chini nikusubiri. Usiniulize haja yangu, dada. Nitakuwa nimekaa mbele yako.

Nakuaga kwa kalamu tu,

Nduguyo mdogo,
Saif bin Nassor