Kidoti cha Nerima Kimepotea

Nerima,

Uji uko kwa chupa ya chai. Maharagwe nimechemsha, wewe kaanga tu, na ufunge gesi.

Asubuhi nilipayuka kwa sababu nilifungua ramani kwa simu yangu nikakuta kile kidoti chako cha kuonyesha uliko hakipo. Nikajua umeibiwa. Kumbe uko kitandani, umefuta simu yote ukaiweka upya bila Google, ati umewaondoa wanaokufuatilia. Nikauliza, "Hata mimi?" Ukajifunika blanketi. Hapo ndipo paliniuma, mama.

~~Jioni uirudishe vile ilikuwa.~~ Hapana, iache. Simu ni yako, na hao wa kampuni hawakukuzaa. Lakini nakuonya: vijana wanaopora watu njia ya Pipeline hadi hapa Tassia hawaulizi simu imewekwaje.

Nilipokuja Nairobi, kukhu wako, yaani mama yangu kule Webuye, hakujua ramani ya simu ni nini. Nilikuwa nampigia mara moja nakata, anajua nimefika salama. Basi nawe ukishuka stejini, piga ukate. Ukipiga mara mbili, nitajua kuna shida, nakuja na malapa hivyo hivyo.

Ya mara moja sitapokea, usije ukasema nakufuatilia.

Mama