Jumapili ya Mwenye Sufuria ya Bluu

Sondu, 4 Septemba 2023

Kwa nyanya yangu Rehma, Kaloleni,

Shikamoo. Natumai goti limepunguza kiburi na kikohozi kimehamia kwa jirani. Mimi ni mzima, nimenona kidogo, na hapa sokoni Sondu sasa naitwa Injinia. Sikujiita mwenyewe. Simu ikizama mtoni inaletwa kwangu, ikiwaka naletewa soda. Na shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo piga hesabu ningemaliza ningekuwa wapi.

Redio ya babu iko salama mezani kwangu. Najua nilisema wiki mbili na huu ni mwezi wa nne. Lakini redio kama ile haikimbizwi. Ni mzee. Lazima umwamkie, umwulize habari za nyumbani, ndipo umfungue tumbo. Kuna kidude kimoja tu nangojea, kinatoka Kisumu mjini.

Barua nampa Mama Nakhungu wa viazi vitamu, maana wewe simu unaichukia kama paka mwizi.

Mjukuu wako,
Injinia Badru


Kaloleni, 11 Septemba 2023

Badru mjukuu wangu,

Marahaba. Goti liko palepale na kiburi chake. Nimekula, nimelala, namshukuru Mungu. Wewe unakula nini huko cha kukunonesha? Soda?

Simu siichukii. Ila nikishamaliza kuongea sibaki na kitu mkononi. Barua naisoma tena jioni.

Unasema kidude kinatoka Kisumu mjini. Kisumu mjini ndiko niliko. Nitajie jina lake nikakitafute.

Siku nyingine sina shida nazo. Jumatatu nafua, Ijumaa namsomea babu yako Yasini. Jumapili ndiyo haina mahali pa kuishika. Wewe hukuzikuta zile za zamani. Kulikuwa na idhaa moja ya taifa, na kwenye mstari wetu huu wa nyumba redio moja, hiyo ya babu yako, na Jumapili yote ilikuwa humo ndani. Asubuhi kwaya za makanisa. Mimi Mwislamu, lakini wale wa sauti nzito nilikuwa nawajua kama wanangu. Kisha matangazo ya vifo, watu kimya dirishani, Mzee Oketch na kalamu yake akiandika nani ni wa kwao. Saa sita kadi za salamu, hapo nabandika wali. Kadi zikiisha unaanza mchezo wa kuigiza, naepua. Saa kumi mpira, wanaume wanabishana na mtangazaji kama anayewasikia. Sikuwahi kuwa na saa ya ukutani, na wali wangu haukuungua hata Jumapili moja.

Sasa naangalia meza. Pale ilipokaa redio kitambaa hakijapauka, pamebaki mraba.

Ilete hivyohivyo hata kama haisemi. Sondu si Uarabuni.

Nyanya yako,
Rehma


Sondu, 4 Oktoba 2023

Nyanya mpenzi,

Shikamoo nyingi, gawa na goti. Huku mvua, mahindi, na sifa zangu tu.

Sasa tulia usome. Hicho kiredio chekundu alichokuletea Mama Nakhungu kinameza kadi ndogo kama ukucha. Ndani ya kadi kuna Jumapili yako, nzima, ya zamani. Nimeipata kwa jamaa mmoja mkubwa wa mitambo anayeniheshimu sana, ana ghala la kanda ambalo hata mawaziri hawaingii. Jumapili asubuhi bonyeza kitufe cha katikati. Usiguse kingine, vidole vyako navijua. Utasikia mpaka kadi ya babu ikisomwa.

Redio kubwa inapumzika bado.

Mjukuu wako,
Injinia Badru, Mkuu wa Idhaa


Kaloleni, 17 Oktoba 2023

Badru,

Habari za afya usiniulize, mbavu ndizo zinauma, kwa kucheka.

Huyo mtangazaji wako wa zamani ana mafua yako. Kwaya ni wewe mmoja unaimba sauti zote kwa zamu, na nyuma yako mbuzi. Kwenye mpira mfungaji ni Badru, na golikipa aliyeokoa ni Badru.

Lakini kwenye vifo, mwanangu, uliteleza. Tangazo la kifo halichezewi. Ulikosa jina ukachukua la Mzee Oketch wa Kaloleni, eti ameacha wajane wawili. Na mimi nilikuwa nimekiweka kiredio dirishani kama zamani, sauti juu. Mzee Oketch mwenyewe alikuwa kwenye kiti changu, kikombe cha chai mkononi. Akaniuliza, "Mama, huyo Oketch ni yupi?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza tusikie anazikwa lini."

Chai haijaisha, Mama Ajwang yuko mlangoni kwa Oketch na sukari kilo mbili, analia, na vijana wameshaanza kupanga viti. Mzee akatoka nje na kikombe chake. Mama Ajwang akakaa chini mchangani. "Jowa, watu wangu, mimi niko hai," mzee akasema, "lakini hiyo sukari isirudi." Mpaka leo anauliza huyo mjane wa pili anaishi wapi.

Watu kumi na mmoja walikula kwangu siku hiyo. Wali ulikuwa mbichi, maana salamu zako zilichukua dakika nne.

Na kadi ya babu yako. Umemfanya aseme "mke wangu mpenzi Rehma". Babu yako angejitupa ziwani kwanza. Kadi zake zote zilikuwa namna moja: "Ni Swaleh wa Kamba, bandarini Kisumu, anawasalimu," kisha mabaharia wote, fundi cherehani, muuza kahawa, na mwisho kabisa, "na mwenye sufuria ya bluu." Mtaa mzima ulijua sufuria ni ya nani. Babu yako mwenyewe atakuwa amegeukia ukutani, anajifanya anatafuta kiatu.

Juzi Jumapili nilikiweka tena dirishani. Hakuja mtu. Walikwisha kuisikia.

Njoo, Badru.

Nyanya yako


Sondu, 30 Oktoba 2023

Nyanya,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ndiyo inanila.

Mwombe Mzee Oketch msamaha, mwambie mjane wa pili nitamtafutia huku, wako wengi na wana mashamba. Idhaa inarekebisha makosa. Nitatengeneza Jumapili nyingine, salamu za saa nzima, wali uive mpaka uombe maji. Kuja siwezi Jumapili hii, na ile ya pili pia kuna simu nyingi. Kidude cha redio bado hakijafika. Jina lake ni refu, huwezi kulitamka.

Watu walisemaje kuhusu mpira wangu?

Badru


Kaloleni, 20 Novemba 2023

Badru,

Hujambo. Mimi nipo.

Kadi yako nakurudishia. Jumapili yako nimeifuta, nimeweka yangu. Brandon, mjukuu wa Oketch, amenisaidia na simu yake. Isikilize Jumapili, si siku nyingine.

Rehma


Sondu, Jumapili, 26 Novemba 2023

Nyanya,

Shikamoo. Sijui goti linaendeleaje, na sijawahi kungoja unijibu.

Nimesikiliza. Soko leo limefungwa, niko peke yangu kibandani. Mwanzo nilidhani kadi imeharibika. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Injinia mzima. Ndipo nikasikia kijiko kwenye kikombe. Kisha kikohozi. Kisha kuku wa jirani, kwa muda mrefu. Mara moja ukasema "Karibu," mlango ukalia, na hapakuwa na mtu, ni upepo. Sikurusha mbele hata kidogo. Nilitaka kurusha.

Saa sita ukaanza, na sauti ya mtangazaji kabisa: "Ni mwenye sufuria ya bluu, Kaloleni, Kisumu. Anamsalimu Badru wa Sondu. Ujumbe: Mama Nakhungu aliniambia tangu mwezi wa sita. Redio ndiyo iliyoungua, si wewe." Kisha kuku tena, mpaka mwisho.

Ni kweli. Niliifunga kwenye betri ya lori nikiwaonyesha jamaa wawili jinsi ninavyojua. Ikasema neno moja, sikulishika, ikatoa moshi. Nilinusa ule moshi nikamwona babu. Hakuna kidude nilichongojea. Nilikuwa nangoja usahau, nikafikiri ukipata kelele nyingine utasahau haraka.

Ganda la redio nimelisugua masizi. Upande mmoja umegoma, ni mweusi. Tutaugeuzia ukutani, kama babu akisomewa kadi. Litatosha kwenye mraba wake, nimelipima kwa mkono.

Hii hapa kadi yangu. Isome dirishani kwa sauti, Mzee Oketch asikie naye:

Ni Badru, fundi simu, Sondu sokoni. Anamsalimu Mzee Oketch aliye hai, Mama Ajwang na sukari yake, na mwenye sufuria ya bluu. Ujumbe: Jumapili ijayo saa sita, bandika wali wa watu wawili. Kadi nitazisoma mimi, hapo mezani, polepole, mpaka uive.

Mjukuu wako