Pua, Nukta Mbili na Mstari

Jumatano, Kathonzweni

Na wakacheka! Bado siamini.

Jana sista wa zahanati aliniambia mchoro niliouchora ukutani kwao, wa kuonya watu wasile mahindi yenye ukungu, hausimamishi mtu. Ni kweli. Nilikuwa nimejaza magunia, ghala, vivuli na maneno kibao. Nililala nikiwaza kwamba hii kazi imenishinda.

Asubuhi nikamkumbuka yule marehemu mchoraji wa katuni, wa gazeti alilokuwa akinunua baba. Mtu aliyemchora alikuwa pua kubwa, nukta mbili za macho na mstari wa mdomo, basi. Lakini ulijua amelewa, ana njaa au anadanganya. Sisi watoto tulimcheka kabla hatujajua kusoma. Hadi leo, wachoraji wengi wa katuni hapa Kenya wana kitu chake.

Nikapaka chokaa ukuta wote. Nikachora mzee mmoja, sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, yakiwa na ukungu, na tumbo linalomsokota. Sikuandika neno.

Mama Kioko, jirani yangu, alikuwa ameleta mtoto kliniki. "Ai! Si huyu ni mzee wangu!" Akacheka mpaka kina mama wote wakaja. Halafu akamfunga mtoto mgongoni. "Mahindi yangu yalinyeshewa. Nikifika nayamwaga."

Jioni nimempitia. Mume wake ndiye alikuwa anachimba shimo la kuyafukia. Akaniangalia. "Ni wewe umenichora?"

Nikasema hapana.

"Muongo," akasema, na jembe likamponyoka kwa kicheko.