Mwanamke Aliyetupa Udongo Mara Mbili

Doha

Kwa mama yangu mpendwa,

Mayu, mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nalijua goti lako na najua hulionei huruma. Je, usiku linakuacha ulale? Pamba imeota vizuri, au mvua imewakimbia tena? Yule ng'ombe mwekundu wa baba amezaa salama? Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi. Na moyo je? Umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga, shangazi Mbuke yuko pembeni na sauti imefunguliwa nyumba nzima isikie. Baada ya mazishi uliniuliza, "Kabula, baba yako alikuwa na mtu Bariadi?" Nikasema hapana. Nikamsikia shangazi nyuma yako akisema, "Mtoto hawezi kumvua nguo baba yake." Kisha simu ikakatika. Sasa soma taratibu, nikueleze yule mwanamke mgeni aliyekuja mazishini ni nani.

Anaitwa Leah. Ni fundi cherehani pale Bariadi mjini. Kilichotukutanisha ni maua, basi. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka nikipanda maua kwenye makopo, ukisema ua haliliwi wala halikamuliwi? Huku nimepanda tena, kwenye dirisha la chumba tunacholala, na nimejiunga na grupu la simu la wapenda maua. Wako wa Arusha, wa Songea, wa Tanga, na sisi wachache tulio nje. Tunaonyeshana picha, tunaulizana dawa ya wadudu. Wengi wetu hatujawahi kuonana.

Kiangazi cha mwaka juzi Leah alifiwa na binti yake mdogo. Akaacha kutuma picha. Sikujua la kumwambia mtu nisiyemjua vizuri, basi kila asubuhi kabla ya kazi nikawa napiga picha ua moja la dirishani namtumia, bila neno. Kwa muda mrefu hakujibu. Siku moja akaandika, "Hilo la leo lina kiu." Nikalimwagilia, nikampigia picha nyingine. Tangu hapo tukawa tunaongea karibu kila siku, habari za maua, na za mtoto, na za nyumbani.

Siku Masanja aliponipigia kuniambia baba ametutoka, nilikuwa nakunja mashuka hotelini. Nilimwambia, "Nimesikia, mdogo wangu," nikamalizia kukunja. Sikulia. Msimamizi aliniambia nikapumzike, nikakataa, maana ningepumzika nifanye nini. Mlikuwa mnazika kesho yake, na hakuna ndege ambayo ingenifikisha Nkololo. Jioni nikafungua grupu. Mama mmoja wa Songea alikuwa anauliza kwa nini majani ya waridi lake yanageuka njano. Nikamjibu, "Punguza maji. Baba yangu amefariki leo." Niliandika hivyo hivyo, mayu, kwa mstari mmoja. Sijui kwa nini.

Pole zikaanza kuingia. Leah hakuandika pole. Alinipigia.

"Kwenu Nkololo ni sehemu gani?"

Nikamwelekeza.

"Kesho nafunga duka, nakwenda."

"Dada, huwajui watu wa kule."

"Nakujua wewe."

Akaja. Akakaa mkekani na akina mama, akateka maji, akaosha vyombo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia alivyoulizwa na shangazi.

"Wewe ni wa nani?"

"Ni rafiki wa Kabula."

"Mlisoma wote?"

"Hapana."

"Mlifanya kazi wote?"

"Hapana. Hatujawahi kuonana."

Najua jibu hilo lilivyosikika. Nani anafunga duka na kupanda pikipiki hadi Nkololo kumzikia rafiki ambaye hajawahi hata kumshika mkono? Kisha pale kaburini akatupa udongo mara mbili, na mara ya pili akalia mpaka akashikiliwa. Hapo ndipo shangazi alipopata hadithi yake.

Mayu, udongo wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili nilimtuma mimi. Nilimwambia, "Ukitupa, nitupie na mimi." Anasema alipoinama kwa ajili yangu alimwona binti yake, akashindwa kujizuia. Kilio kile kilikuwa cha mtoto wake, na labda kilikuwa na changu pia, maana mimi mpaka leo sijalia. Baba hakuwa na mtu. Wewe unamjua kuliko sisi sote. Akienda mnadani alirudi na njaa, kwa sababu hakuweza kula chakula ambacho hukukipika wewe.

Nilipomweleza Leah maneno yanayosemwa, niliogopa atakasirika. Yeye akasema, "Kwa hiyo mama amebebeshwa msiba na aibu pamoja. Nitakwenda tena." Nikamkataza, asije akatukanwa. Akasema, "Wewe andika. Mimi nitapeleka."

Mimi huku sina jipya. Namwagilia maua kwa kuwa yasipomwagiliwa yanakufa, si kwamba nayafurahia. Wenzangu wa grupu wananiuliza kila siku kama nimekula, nami najibu ndiyo, na siku nyingine jibu hilo ndilo linalonipeleka jikoni. Nikipata likizo nitakuja kukaa na wewe.

Msalimie Masanja na mkewe, na mjomba wa Mwamapalala. Mwambie katekista wabeja, namshukuru kwa sala zake. Msalimie na shangazi Mbuke. Usimgombeze sana, naye amezika kaka yake.

Barua hii nimempa mwenzangu wa Maswa anayerudi likizo, amwachie Leah pale mjini. Kwa hiyo, mayu, aliyekukabidhi karatasi hizi ndiye huyo. Usimwache amesimama uani. Mpe kiti, mpe maji, halafu muulize habari za binti yake. Aliitwa Neema. Watu wanaogopa kumtaja, na yeye anapenda aulizwe.

Mwanao,
Kabula